Mtoto Mgeni na Michezo ya Hatari

Leo nimepewa robo saa nizungumze nanyi, nami nimechagua habari za watoto wanaotujia nyumbani wakati wa likizo, na michezo ya hatari wanayoikuta kwetu. Jambo hili laonekana dogo. Walakini ziko jamaa zilizokaa miaka bila ya kutembeleana kwa ajili ya mkono mmoja wa mtoto uliovunjika, na ziko nyumba zilizopatwa na msiba mkubwa kuliko huo.

Niliposema michezo ya hatari, msidhani nasema habari za kamari au wizi. Nasema habari za kupanda mwembe, kuruka majini, kubembea kwa kamba, kuchonga gari la mti kwa kisu kikali, kuoka mihogo kwa moto wa makuti, kushindana mieleka mchangani, na kujificha vichakani jioni mpaka mtafutaji akate tamaa. Utamu wa michezo hii ni hofu iliyomo ndani yake. Mtoto hucheka, na huku moyo wamdunda. Uondoe hofu yote, na mchezo umekwisha. Watoto watakwenda kutafuta mwingine, pengine mahali usipowaona.

Katika Tanzania shule hufungwa mwezi wa Desemba, na Desemba ndiyo embe huiva huku pwani, kana kwamba mambo haya mawili yameagana. Mabasi ya Dar es Salaam hushusha watoto Muheza na Pangani na Kilwa, kila mmoja na mfuko wake wa nguo na viatu vyake vyeupe, waje kukaa kwa bibi, kwa shangazi, au kwa mjomba. Kadhalika Lamu na Kilifi hupokea watoto wa Nairobi. Na mvua za vuli zimekwisha kunyesha au zangali zanyesha. Mashimo yamejaa maji, na maganda ya miti yana utelezi. Basi mwembe una matunda, tawi lina maji, na nyumba ina mtoto asiyeujua mwembe wala tawi.

Mwenyeji afanyeje? Wako watu wa namna mbili, na kila mmoja adhani kwamba afanya wema.

Wa kwanza husema, "Huyu ni mtoto wa watu, asiguse kitu." Humketisha mtoto mkekani, akamkatia embe katika sahani, na hali binamu zake wako juu ya mti wakila embe zao kwa meno na kumtupia kokwa. Siku ya kwanza mtoto huvumilia. Siku ya pili hulia. Siku ya tatu, jua la mchana likiwa kali na wakubwa wamelala, huondoka polepole akaenda kuupanda mwembe peke yake. Hapo hana mtu wa kumwambia tawi lipi ni bovu, na akianguka hapana wa kupiga ukelele. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walijua kwamba mgeni akiwekwa mkekani siku zote, hawi mtu wa nyumbani. Kwa mtoto, jembe hilo ni mchezo.

Wa pili husema, "Nendeni mkacheze," akarudi kwenye kazi zake. Huyu ndiye nataka kuzungumza naye zaidi, kwa sababu ndiye mwingi kati yetu, na kwa sababu hoja yake yafanana na akili. Asema hivi: "Mwanangu ana miaka 9, na mgeni ana miaka 9. Ikiwa wangu aweza kupanda, na huyu ataweza."

Tuitazame hoja hii vizuri. Mwanao hakuanza kupanda jana. Alipokuwa na miaka 4 alining'inia katika tawi la chini kabisa, na bibi yake akamkemea kutoka barazani. Alipokuwa na miaka 5 alijua kupanda lakini hakujua kushuka, akakaa juu akilia mpaka akaletewa ngazi. Mwaka wa sita alianguka, lakini alianguka kutoka mahali pafupi, akapata mchubuko wa goti na akili ya mwaka mzima. Sasa ajua kwamba tawi la upande wa magharibi lina kiota cha maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, na mtu akiumwa nao kwa ghafula huachia mikono. Ajua tawi lipi limeliwa na mchwa. Ajua kwamba baada ya mvua sharti angoje jua likaushe ganda. Maarifa haya yote hayaonekani kwa mtu aliyesimama chini. Yeye mwenyewe hayajui kama ni maarifa, ukimwuliza washukaje, atakujibu, "Nashuka tu." Elimu yake i katika nyayo zake.

Mgeni ana urefu ule ule na nguvu zile zile, bali ile miaka mitano hana. Tena ana jambo ambalo mwanao hana, nalo ni haya. Watoto wa mji mzima wanamtazama. Mmoja amekwisha sema, "Huyu wa mjini hawezi," na wenzake wamecheka. Mtoto mwenyeji husimama pale hofu yake inapomwambia simama. Mgeni husimama pale kicheko kinapokoma. Ndiyo sababu utamwona mtoto mpole, asiyepata kuchezea hata ngazi ya kwao, yuko juu kuliko wote. Si ushujaa huo. Ameikimbia aibu, nayo imempeleka juu.

Kwa hiyo shauri langu ni moja, na mengine yote nitakayosema yatoka humo: mgeni na aanze alipoanzia mwenyeji. Asizuiwe kucheza, wala asitiwe katika mwaka wa tano wa mchezo hali hajauona mwaka wa kwanza. Mpe tawi la chini leo. Apande, ashuke, apande tena. Kushuka ndio mtihani. Asiyejua kushuka hajajua kupanda. Wala usimnyanyue ukamweka juu ya tawi ambalo hawezi kulifikia mwenyewe, hata akikuomba kwa machozi. Mti una kipimo chake: tawi la kwanza likiwa juu kuliko uwezo wa mtoto, mti wenyewe umemkataza. Ukimnyanyua, umeivunja amri hiyo, na sasa yuko mahali ambapo mikono yake haikumfikisha na haitamtoa.

Avue viatu. Asipande na kisu mkononi, wala asishuke na embe katika mikono miwili. Azitupe chini, au azitie katika kikapu cha kamba. Na wale watoto wenu waambieni mapema, kabla ya mgeni hajafika, kwamba atakayemcheka au kumhimiza "panda, panda" atashuka na kukaa chini siku nzima. Nimeona amri hii yafanya kazi kuliko kelele zote za wakubwa, maana yaondoa kile kicheko.

Tena miti si sawasawa. Mpera ni mti mwema kwa mwanafunzi: matawi yake ni mafupi, hupinda kabla ya kuvunjika, na mtoto hawi mbali na ardhi, ila ganda lake ni laini, likilowa huteleza sana. Mzambarau huwadanganya watu, maana matawi yake yaonekana manene, na kumbe hukatika upesi. Mpapai haupandwi na mtu yeyote, kwa kuwa ndani ni uwazi. Na mnazi ni kazi ya mkwezi mwenye kamba yake. Huo si mchezo, awe mtoto mgeni au mwenyeji.

Wako wataalamu waliotumia miaka mingi kuichungua michezo ya namna hii. Mwaka 2007 Bibi Ellen Sandseter wa Norwei aliigawanya mafungu sita: kwenda juu, kwenda mbio, kutumia vyombo vikali, kucheza karibu na maji au moto, kupigana kwa mzaha, na kwenda mbali na macho ya wakubwa mpaka kuweza kupotea. Mtu aliyekulia shamba atacheka, maana yeye aliicheza yote sita kabla ya adhuhuri. Zamani zaidi, mwaka 1943, Denmark ilipokuwa chini ya majeshi ya Ujerumani, palifunguliwa uwanja wa ajabu huko Emdrup, kando ya mji wa Copenhagen. Bwana C. Th. Sørensen, fundi wa kupanga bustani, alikuwa ameona kwamba watoto waviacha viwanja alivyowapangia kwa uzuri, wakaenda kucheza na takataka za ujenzi. Basi katika uwanja ule watoto wakapewa mbao na matofali na vyombo vya kazi, na mtu mzima wa kuwaangalia. Mwaka 1946 Lady Allen wa Hurtwood, Mwingereza, aliuona uwanja huo, akarudi kwao akawashauri watu wafanye vivyo hivyo penye mabomoko ya vita, na baadaye London ikapata viwanja vya namna hiyo. Mwaka 2015 Bibi Mariana Brussoni na wenzake wa Kanada walikusanya uchunguzi mwingi uliokwisha kufanywa, wakaona kwamba kwa jumla michezo ya nje yenye hatari kidogo huwafaa watoto katika afya zao na katika kupatana na wenzao. Na mwaka 2024 chama cha madaktari wa watoto wa Kanada kikawaambia madaktari wawashauri wazazi wasiizuie michezo hiyo bila ya sababu.

Sikuyataja haya kwa kuwa twahitaji ruhusa ya ng'ambo ndipo tupande miembe yetu. Nimeyataja kwa ajili ya jambo moja ambalo wataalamu hao hulipambanua vizuri, na sisi mara nyingi hatulipambanui. Husema hatari ni za namna mbili. Iko hatari ambayo mtoto aiona na aweza kuipima mwenyewe: urefu wa tawi, kasi ya mteremko, ukali wa kisu. Na iko hatari ambayo mtoto hawezi kuiona wala kuipima, nami nitaiita mtego. Ile ya kwanza ndiyo mchezo wenyewe, nayo humfundisha. Mtego haumfundishi kitu, humnasa tu.

Basi kazi ya mwenyeji ni kuitafuta mitego kabla ya mgeni hajafika, nayo si kazi ya siku nyingi. Zungukeni uani asubuhi moja. Itazameni kamba ya bembea kule juu inapofungwa, maana huko ndiko inakosagwa na tawi, na mtu wa chini haoni. Kisima kisicho na mfuniko, kifunikeni. Shimo la choo cha zamani lililofunikwa kwa mbao zilizooza, lizungushieni miiba. Kama waya wa umeme wapita katikati ya matawi, mti huo haupandwi kabisa mpaka watu wa umeme waje. Panga lililoegemezwa shinani liondolewe, kwa sababu anayeanguka hachagui mahali pa kuangukia. Watoto wa nyumba huijua mitego hii, huipita bila ya kufikiri, na kwa hiyo hawamwambii mgeni. Mtu hamwonyeshi mwenziwe shimo ambalo yeye mwenyewe amekwisha kulizoea.

Sasa nije kwenye maji, na hapa sauti yangu yabadilika. Katika mwembe mtoto akikosea hupiga ukelele. Majini mara nyingi hazami kwa kelele. Kichwa chakwenda nyuma, kinywa chawa sawasawa na maji, mikono yasukuma maji chini, na hawezi kuita. Aliye ufuoni adhani acheza. Shirika la Afya la Dunia lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapata 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto waliokuwa hawajatimiza miaka 5. Kwa hiyo ile kanuni ya kumwacha mtoto apime mwenyewe haifai majini. Majini mtu mzima ajuaye kuogelea hukaa karibu, macho yake yakiwa kwa watoto na si kwa simu, na mtoto mgeni hachezi mbali kuliko kiuno chake mpaka yule mtu mzima amwone kwa macho yake akiogelea.

Mzazi akikuambia, "Mwanangu ajua kuogelea," mwulize alijifunza wapi. Aliyejifunza katika bwawa la hoteli amejifunza katika maji yasiyokwenda. Bahari yetu yaenda. Hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na saa zake husogea kadiri ya dakika 50 kila siku, hata mtoto aliyekwenda mwambani jana saa nne asubuhi akarudi salama, akienda saa ile ile juma lijalo atakuta mambo mengine. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hutoka mbali sana, nayo hurudi kwa nguvu. Na mtego wa pwani ni huu: maji yakianza kujaa hayaji kwa mbele yakamwonya mtu. Hupita kwanza katika mkondo ulio nyuma, kati ya fungu la mchanga na nchi kavu. Mtoto aliye funguni akiokota makome huona miguu yake iko pakavu, na kumbe njia ya kurudi imekwisha kufungwa. Watoto wetu huutazama mkondo mara kwa mara bila ya kuambiwa. Mgeni huyatazama makome. Mpeni mgeni mwenziwe mmoja mkubwa, asemaye "turudi" naye akatiiwa.

Kwa wale wanaokaa penye maji matamu nina maneno mawili tu. Penye mamba, kama mto wa Rufiji, hapana mchezo wa majini. Na katika maziwa na mabwawa ambamo kichocho kimeenea, mtoto mgeni aliyeoga apelekwe kupimwa baada ya majuma machache, na wazazi wake waambiwe, kwa maana daktari wa mjini huenda asikumbuke kuuliza habari ya ziwa.

Nimesema wazazi waambiwe. Hili nalo lina adabu yake. Watu wengi huona haya kumwuliza mzazi, hudhani wataonekana hawawezi kulea. Kumbe kuuliza ni nusu ya ulinzi. Siku hizi simu i mkononi mwa kila mtu. Tuseme mjomba ampigia simu dada yake aliyeko mjini:

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dada. Hamjambo huko? Mtoto amefika salama, amekula, na sasa autazama mwembe kama paka aonavyo samaki. Wampa ruhusa apande?"

"Ala! Kaka, huyo hajapata kupanda hata mpera."

"Vema, nimejua. Ataanza na tawi la chini, nami nitakuwapo. Na maji je?"

"Maji asiende ila na wewe mwenyewe. Na tena, kaka… liko jambo sikukuambia. Mwaka juzi alianguka kifafa mara mbili. Anywa dawa. Ziko katika mfuko wake, chini ya nguo."

Mabibi na mabwana, sitisheni kazi mkononi mtafakari jambo hilo. Asingeulizwa, asingesema. Si kwa ubaya. Kwa aibu, na kwa kuogopa mtoto asikataliwe na wenziwe. Lakini mtoto mwenye kifafa akishikwa juu ya mti au ndani ya maji hawezi kujiokoa, wala wenziwe hawatajua wafanye nini. Haifai afungwe ndani. Mpira atacheza, gari la mti atachonga akiwa na mtu karibu, na bembea ya chini ataipanda. Juu ya mti hapandi, na majini haingii ila mtu mzima ajuaye habari yake awe kando yake, mkono kwa mkono. Kadhalika mtoto wa pumu aweza kukimbia pamoja na wenziwe ikiwa dawa yake ya kuvuta i karibu na si chumbani chini ya kufuli. Kwa hiyo ninyi wazazi mnaopeleka watoto, tieni katika mfuko pamoja na viatu vyeupe maneno yote ya kweli: mtoto ameumwa nini, aogopa nini, amezoea nini, na asichoruhusiwa kabisa. Na mwenyeji akiambiwa na mzazi, "Wangu asipande," basi asipande, hata kama mwenyeji aona kwamba mzazi amezidisha hofu. Waweza kujadiliana naye kwa simu jioni. Huna haki ya kumshinda kwa kupitia mwanawe. Tena uwape watoto wote mchezo mwingine siku ile, ili katazo lisimwangukie yeye peke yake.

Nimesema sana habari ya mtoto wa mjini, na watu wa mjini labda wameanza kutabasamu. Wageuze uso kwao. Mtoto wa shamba aendaye Dar es Salaam au Mombasa kwa likizo ni mgeni vile vile. Yeye apandaye mwembe kama tumbili hajapata kuvuka barabara yenye magari ya pande mbili na pikipiki zipitazo katikati. Hajui kwamba jiko la gesi likifunguliwa bila ya kuwashwa lajaza chumba pumzi isiyoonekana. Roshani ya ghorofa ya tatu yamwonea kama tawi, na uzio wake kama fimbo ya kuegemea. Binamu yake humpa baiskeli kwenye mteremko bila ya kumwambia breki ya nyuma haishiki, kwa kuwa yeye mwenyewe amezoea kuburuza mguu. Huyu naye ana haya, tena pengine zaidi, maana akiuliza huchekwa kwa ushamba wake. Basi na barabara iwe ndiyo mwembe wake: siku ya kwanza avuke akishikwa mkono, siku ya pili avuke kando ya mkubwa, na baadaye aseme yeye lini pavukwe, na mkubwa akiwa karibu. Baiskeli aianze penye tambarare, baada ya breki kutazamwa.

Na ikiwa mtoto ameanguka pamoja na hadhari yote? Yatokea. Watu husema ajali haina kinga, wakanawa mikono; mimi husema zilizo nyingi zina kinga, na chache zilizobaki zataka mtu asiyepoteza akili. Mkono uliovimba au kupinda usivutwe wala kukandwa. Ufungwe kwa kibao na kitambaa kama ulivyo, mtoto apelekwe hospitali. Aliyepigwa kichwa akitapika, akisinzia kuliko desturi, akisema maneno yasiyoeleweka, au akitoka maji au damu masikioni, msingoje asubuhi. Aliyeungua, maji safi yasiyo ya barafu yamwagikie mahali palipoungua kwa dakika 20, bila ya mafuta wala dawa ya meno. Aliye majini atupiwe dumu tupu lililofungwa kamba, maana waokoaji wengi wasiojua kuogelea wamezama pamoja na waliyetaka kumwokoa. Akitolewa hapumui, asining'inizwe miguu juu wala asibonyezwe tumbo. Aliyejifunza ampulizie pumzi kinywani na kumkandamiza kifua mara moja, na mwingine akimbilie msaada. Mambo haya hufundishwa na watu wa Msalaba Mwekundu na katika hospitali nyingi, na yafaa katika kila mtaa awepo mtu mmoja aliyeyajifunza kabla ya Desemba.

Kisha mpigieni mzazi simu saa ile ile. Asisikie kwa jirani, wala asishtushwe na bandeji kituoni basi linapowasili. Mwambieni alikuwa akicheza nini, yuko wapi, amefanyiwa nini, na nani yuko naye. Mzazi aliyeulizwa ruhusa siku ya kwanza huyapokea maneno hayo kwa njia nyingine kabisa, kwa sababu mchezo ule naye aliukubali.

Wakati wangu umekwisha. Kabla basi la kwanza halijafika, mtu mmoja katika kila nyumba apande juu aitazame kamba ya bembea mahali inapofungwa. Kwaherini.